Shimba Hills kwa siku moja kutoka Mombasa: kilima kimenipendeza, ajenti hapana

Naanza na alama kabisa manake najua wengine mnasoma mstari wa kwanza mnaondoka. Kilima chenyewe, hiyo hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills huko Kwale, nakipa nne na nusu juu ya tano, ile safari tuliyouziwa na ajenti mmoja wa mjini naipa mbili, na hizo mbili zote ni za dereva, kijana wa watu mwenye adabu na asiyekimbiza gari. Jina la ajenti silitaji, sitaki maneno na mtu, ntaeleza tu walivyofanya ndio ukikutana na wa aina hiyo umjue.

Walituuzia Shimba kama Tsavo ndogo. Tangazo lililokuja kwa WhatsApp lilikuwa na picha ya simba, picha ya kifaru, na maandishi makubwa kwamba wale wanyama wakubwa watano tutawaona wote siku moja na magharibi tuko nyumbani. Sasa mtu yeyote anayeijua Shimba atakwambia kifaru hayuko kule, na simba hata usimtie kwenye hesabu. Chui yuko, lakini chui wa msituni huwa yeye ndiye anayekuona wewe. Watoto wakapanda gari na daftari zao za kuandika simba wangapi wamewaona, na kero yote ya siku ile ilitoka hapo, kilima hakina kosa lolote, kosa ni la aliyeahidi asichokuwa nacho.

Nalisema hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Ukiiendea Shimba kutafuta wanyama wengi utarudi na kinyongo, utaandika "tumezunguka saa nzima tumeona ngiri tu", na kweli ngiri utawaona, hao hawakosi. Lakini Shimba ni msitu, ni ubaridi, ni maji yanayoanguka kutoka juu, ni kusimama kwenye nyasi zinazokufika kiunoni ukaiona bahari kule chini ukashindwa kujua inaishia wapi mbingu inaanzia wapi, na ndani yake kuna mnyama mmoja ambaye porini Kenya hii ni hapa tu utampata. Hivyo vitu ndivyo unavyolipia. Mtu akikuuzia kingine huyo anauza maneno.

Njia kwanza. Kutoka kisiwani ni kama kilomita 35 hivi, si mbali kabisa, nashangaa watu wa Mombasa waliofika Dubai na hawajafika Kwale. Waweza kuvuka Ferry pale Likoni, au kama gari mnalo mzunguke na Dongo Kundu, mnaingilia Miritini mnapita yale madaraja, lile la Mteza peke yake ni zaidi ya kilomita moja na watoto wote walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo, mnatokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga bila kuijua foleni ya Ferry. Mnaenda mpaka Kombani, hapo mnakata kulia. Kuanzia hapo lami inapanda, minazi na miembe na mikorosho pande zote, mashamba ya watu, watoto wa shule wanarusha mikono, na ukifika Kwale mjini wahisi wazi kwamba lile joto la Mombasa la kushikamana na shati umeliacha chini. Asiye na gari, matatu za Likoni kwenda Kwale ziko, ila zitakufikisha mjini tu, na mle ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu kiholela, ni lazima uwe na gari.

Ajenti alituambia saa kumi na mbili asubuhi gari liko mlangoni. Saa moja simu haishikwi. Saa mbili tunaambiwa "yuko hapo Buxton anakuja", na nyie mnajua "yuko hapo" ya Mombasa. Lilipofika watoto washakula mahamri yote ya safari na shangazi yangu ashavua viatu amerudi kulala. Kuchelewa huko si jambo dogo kwa Shimba, na ntaeleza kwa nini nikifika kwenye maporomoko.

Sasa tuje kwa kilima chenyewe, manake watu wengi wanasema "Shimba Hills" kama jina la stendi tu. Siku ya hewa safi ukiwa sehemu ya juu pale Likoni ukiangalia upande wa bara unaona tuta refu la samawati limelala, halina ncha. Ndilo hilo. Usitarajie kilele kama cha picha za Kilimanjaro, juu kumekaa kama uwanda, sehemu zilizoinuka ni mita mia nne na kitu, na Pengo ndipo juu kabisa, kama mita 450. Mwamba wake ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa jiwe, una zaidi ya miaka milioni 200, na hilo lina maana kwako wewe uliye mjini: upepo wa bahari unakuja na unyevu wake, unakutana na hilo tuta, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ndio ukungu wa asubuhi na mvua ambazo huko nyuma Kinango wanaziota tu. Ule mwamba wa mchanga unayanywa yale maji unayatoa polepole kwenye chemchemi. Maji ya Marere yanayoletwa Mombasa kwa bomba tangu enzi za mkoloni yanatoka huku. Mto Mkurumudzi nao waanzia huku ndio ukaenda kuingia bahari upande wa Gazi. Yaani kuna mtu yuko Mombasa anaoga maji ya kilima hiki na hajawahi kukanyaga huko juu, na akiulizwa Shimba ni wapi atasema "si kule kwa ndovu?"

Msitu wenyewe ulianza kulindwa kitambo, ulitangazwa msitu wa serikali 1903, halafu 1968 sehemu kubwa ikafanywa hifadhi ya wanyama, ndio maana KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, na watu wa misitu wote wana mkono pale. Na kabla ya makaratasi hayo yote, wazee wa Kidigo walikuwa na kaya zao humo, Kaya Longomwagandi iko ndani, miti haikatwi na mtu haingii ovyo. Dereva wetu, ambaye kwao ni Matuga, alipunguza mwendo akazima redio tulipokaribia upande ule, hakutoa hotuba wala nini, na hilo nikalipenda.

Pesa taslimu getini msibebe mkitegemea, malipo ni ya mtandaoni, lipeni mkiwa bado nyumbani kwenye intaneti ya uhakika na mbebe vitambulisho kwa sababu bei ya raia na ya mgeni ni mbali mbali. Bei sitaziandika, hubadilika, angalieni siku mnayokwenda. La pili, chupa za plastiki zile za dukani ziacheni, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku kwenye hifadhi zote za Kenya. Ajenti wetu alikuwa amepakia katoni nzima ya maji ya chupa ndogo ndogo. Ikabaki getini. Bahati shangazi alikuwa na lile jagi lake la maji la kwenda nalo msikitini, la lita tano, akawanywesha kijiji kizima na akatusimanga mpaka jioni.

Ndani barabara ni za udongo, za mchanga mwekundu. Kiangazi hata gari kama Noah inapita ikienda taratibu, lakini mvua zikianza kuna vipande vya mteremko nisingejaribu na gari ya chini hata nikilipwa, tafuteni gari ya kuinuka. Netiwaki inakuja na kupotea.

Yule mnyama wa hapa tu ni palahala, tulimkuta upande wa Giriama Point. Nlikuwa nshamuona kwenye picha nikadhani ni swala mkubwa tu. Wacha. Dume lilikuwa limesimama peke yake kwenye nyasi, jeusi la kung'aa, tumbo jeupe pe, uso umechorwa michirizi myeupe kutoka machoni hadi mdomoni, na zile pembe zimeinuka zikapinda kurudi nyuma kama zinataka kugusa mgongo, zina pete pete mpaka karibu na ncha. Ngozi ya bega ilikuwa inaruka ruka kufukuza wadudu, kichwa hakitikisiki, anatutazama. Majike yako mbali kidogo kando ya miti, hayo ni ya kahawia nyekundu, na vitoto viwili vimejificha mpaka masikio. Mpwa wangu wa miaka sita akauliza, "Mjomba, mbona huyu avaa koti jeusi juu ya kanzu?" Gari zima likacheka na dume halikujali. Tulikaa pale mpaka dereva akazima injini mwenyewe bila kuambiwa.

Ukimtazama vizuri ndio unaelewa kwa nini yuko hapa tu: anataka nyasi na anataka msitu karibu, vyote viwili, na pwani yetu mahali penye vyote viwili bila mashamba ya watu katikati pamebaki padogo. Kenya nzima palahala wa porini wamebakia Shimba. Wala si rahisi kusema tulete na wengine, miaka ya 1970 korongo (wale swala, si ndege) waliletwa hapo, nao ni wa ukoo mmoja na palahala, hawakudumu. Kwa hiyo mtu akirudi akasema "hakuna wanyama Shimba" na palahala amempita njiani akidhani ni mbuzi mkubwa, huyo tumsamehe tu.

Ndovu tuliwaona kwa mbali, migongo tu, wako ng'ambo ya bonde wanaingia kwenye miti, na alama zao ziko kila mahali, miti imevunjwa, kinyesi barabarani bado chafuka moshi. Ndovu wa Shimba wana kisa kirefu. Hifadhi si kubwa, kuna uzio, pembeni kuna mashamba ya mahindi ya watu, na ndovu haelewi mpaka wa shamba. Wakazidi, mwaka 2005 KWS wakahamisha zaidi ya mia kwenda Tsavo Mashariki, kwa malori. Na kwa upande wa kaskazini kuna Mwaluganje, hiyo ni ardhi ya wenyeji wenyewe, Waduruma na Wadigo, waliiacha ndovu wapite na wakawa wagawana mapato ya mlangoni, na kile kinyesi wanatengeneza karatasi. Mwenye kutaka ndovu kwa hakika aende Mwaluganje, kule kumekaa wazi zaidi na mibuyu mikubwa, Shimba kwenyewe msitu unawaficha. Hili pia ajenti hakulitaja, na si mbali na Kwale.

Haya, Sheldrick Falls. Maporomoko ya mita 21 hivi, na hayafikiwi kwa gari, munaliacha juu kisha munatembea na askari wa KWS mwenye bunduki kama kilomita mbili mpaka chini, kwa sababu kwenye ile njia nyati na ndovu wana haki kuliko wewe. Huwa kuna matembezi ya asubuhi na ya mchana, na hapa ndipo kuchelewa kwa ajenti kulipotuuma: ya asubuhi tulikuta washaondoka, tukangoja ya mchana, na kushuka mchana jua la kichwa kwenye sehemu zilizo wazi si sawa na kushuka ukungu bado haujaisha. Kushuka kwenyewe ni raha, unatoka kwenye nyasi unaingia kwenye kivuli ghafla, mikindu, mizizi imetoka nje, mbega weupe kwa weusi wanaruka juu huko na mikia yao mirefu. Unasikia maji kabla hujayaona. Halafu miti inafunguka na yale maji yanashuka kwenye jiwe jeusi lenye kuvu, chini kuna kidimbwi, baridi yake si ya mchezo kwa mtu aliyezoea bahari ya Bamburi. Askari akatuambia tusikae chini ya pale yanapoangukia, mawe yateleza, watoto wakaingia mpaka magotini ikawa ndio mwisho wa habari za simba, daftari zikasahaulika hapo hapo kwenye jiwe.

Kupanda kurudi ni habari nyingine. Nawaambia kwa mapenzi, wenye magoti mabovu na wenye presha kaeni juu na chupa ya chai, mandhari yako hata huko juu. Na viatu jamani. Binamu yangu alishuka na champali za shanga alizonunua Kongowea, moja ikakatika kamba nusu ya kilima, akapanda na leso amefunga mguuni. Raba yoyote kuukuu inatosha.

Na sasa jambo ambalo hamna tangazo litakuambia: mbung'o. Shimba wako, na wanauma kupitia nguo. Hawa wadudu wapenda rangi nyeusi na ya buluu iliyokoza, ndio maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na nyeusi, sasa fikiria gari lenye kina mama watatu wa buibui na vioo wazi. Walimwendea shangazi kama wamealikwa. Alikuwa anajipiga mabega kwa upepeo huku anasoma dua, na mie niliyevaa shati la rangi ya udongo sikuguswa karibu. Kwa hivyo vaeni rangi za kufifia, kahawia, kaki, kijani kisichokoza, kina mama wenye abaya za rangi hizo ndio siku yake, na mkipita sehemu za vichaka pandisheni vioo hata kama joto. Kwenye uwanda wa nyasi na upepo walikuwa hawatusumbui sana.

Chakula cha ajenti nakipita haraka: chipsi zilizopoa ndani ya karatasi, kuku wa kuhesabu, na soda moja watu wawili. Bebeni chenu. Sisi tuliokolewa na sambusa za nyumbani na mkate wa sinia, tukala pale Pengo tumetandika mkeka, ukungu unapita kwa vipande vipande, mara waona bahari yote na meli zinangoja kuingia bandarini, mara huoni hata gari lenu. Wenyeji husema siku ikiwa safi kabisa, alfajiri, Kilimanjaro yaonekana kutoka huko juu. Sisi tulifika mchana, basi. Nyani wako, chakula kikiwa wazi ni chao, na usiwacheke ukidhani watakuonea haya.

Kwa hesabu yangu kwa ninayoyajua sasa: achaneni na ajenti wa kifurushi, kodisheni gari la kuinuka pamoja na dereva wake watu sita saba mchange, gharama inashuka na mnaondoka saa mnayotaka nyinyi. Dereva mwulizeni mambo mawili kabla ya kumpa amana, kama ameshawahi kuingia Shimba kwenyewe au amefika Kwale tu, na kama gari lake lina tairi ya akiba inayoshika upepo. Mwombeni awachukue alfajiri baada ya swala, mtapata ukungu, mtapata palahala wakiwa bado kwenye nyasi kabla jua halijawarudisha mitini, mtapata matembezi ya asubuhi ya maporomoko, na mchana mnashuka kula Kwale mjini pilau au wali wa nazi na samaki kwenye vihoteli vya barabarani, bei ya kawaida tu. Mwenye siku mbili alale, aende Mwaluganje kesho yake. Mwenye wageni kutoka Nairobi aliowaahidi simba awapeleke Tsavo, Mtito Andei au Voi, hapo hakuna kubahatisha sana, na Shimba awawekee siku wanayotaka kupumua.

Na mkirudi kwa njia ya Likoni tokeni juu mapema, jioni foleni ya Ferry haijali kwamba mna watoto wamelala.